Jani Ndilo Jiko: Namna Mnyanya Unavyogawa Chakula Chake

Wakulima wengi wa nyanya wana desturi moja, nayo utaikuta Mwea, utaikuta Loitokitok, na hata Taveta. Mnyanya ukianza kuzaa, mkulima huingia shambani na kisu, akayaondoa majani mengi kadiri awezavyo. Ukimwuliza sababu, atakujibu kwamba majani yanakula nguvu za matunda. Yakipungua, nguvu yote itaingia katika nyanya, nazo zitanenepa upesi. Jibu hili lina sura ya kweli, na ndiyo maana limeaminiwa hata na watu wenye akili nyingi. Lakini ndani yake mna neno moja la kweli na neno moja lisilo kweli, na asiyejua kuyatenga maneno hayo mawili hujipunguzia mavuno kwa mkono wake mwenyewe.

Somo letu la mwezi huu, basi, ni hili: mmea wa mboga inayozaa matunda hupata chakula wapi, nao humgawia nani? Tutaufuata mnyanya, kwa kuwa ndio unaolimwa na wengi, kisha tutawatazama jamaa zake wachache: pilipili hoho, mishiri, bamia, matango na malenge.

Chakula hupikwa wapi

Sokoni watu husema kwamba mmea hula mbolea. Maneno hayo hayaleti hasara katika mazungumzo, lakini katika somo yanapotosha. Mbolea ni kama chumvi na viungo. Ni lazima iwepo, lakini hakuna mtu anayeshiba chumvi. Chakula chenyewe cha mmea ni sukari, na sukari hiyo haitoki ardhini. Hupikwa na jani.

Jani hupata maji kutoka mizizini. Tena huvuta hewa ya kaboni kwa vitundu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, ambavyo vingi viko upande wake wa chini. Kwa nguvu ya jua vitu hivyo viwili huunganishwa vikawa sukari. Ile rangi ya kijani ndiyo inayolishika jua. Mahali jua lisipofika, jiko lipo lakini halina moto.

Mchana jani hutengeneza sukari nyingi kuliko linavyoweza kuisafirisha papo hapo, kwa hiyo sehemu moja huwekwa akiba ndani ya jani kwa namna ya wanga. Usiku wanga huo hugeuka tena kuwa sukari, ukaendelea na safari. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kukalia dawati hili la Kilimo, na desturi ya ubao na chaki hainitoki upesi. Kwa hiyo nawakumbusha wenye watoto shuleni kwamba jaribio la kulichemsha jani, kuliondoa rangi yake na kulitia tone la iodini, likawa bluu iliyokoza, ndilo jaribio la wanga huu huu. Mtoto akilileta nyumbani katika daftari, msimdharau. Anasoma habari za shamba lenu.

Sukari husafiri ikiwa imeyeyuka katika maji, ndani ya mishipa myembamba. Mishipa hiyo siyo ile inayopandisha maji kutoka mizizini. Hii ni njia nyingine. Mwaka 1930 mtaalamu Mjerumani aitwaye Ernst Münch alieleza namna safari hiyo inavyokwenda. Penye sukari nyingi, yaani kwenye jani, maji huingia katika mishipa na msukumo huongezeka. Penye mlaji, sukari hutolewa na msukumo hupungua. Basi maji hayo matamu hutoka penye msukumo mwingi yakaelekea penye msukumo mchache. Hakuna anayeamuru. Anayetumia sukari nyingi ndiye anayevuta nyingi.

Sasa chukua nyanya zenye uzito wa kilo 20. Karibu kilo 19 katika hizo ni maji. Kilo moja inayobaki, au zaidi kidogo, ndiyo utamu, nyama, ngozi na mbegu, na karibu yote imetoka katika majani. Tunda likiwa bado kijani hujipikia kidogo, lakini ni kidogo sana, kama mtoto anayechoma hindi moja huku akingoja chakula cha mama.

Nani anayekula

Walaji ni wengi. Mizizi inakula, maana iko gizani wala haiwezi kupika. Kilele cha mmea kinakula. Maua yanakula, na matunda yanakula kuliko wote: mnyanya unaozaa sana hupeleka zaidi ya nusu ya chakula chake katika matunda. Hata jani changa linakula. Tangu kuchipuka mpaka lifikie karibu nusu ya ukubwa wake, hulishwa na majani makubwa. Likipita hapo, nalo hugeuka mpishi.

Na hapa ndipo penye lile neno lisilo kweli. Jani likiisha kukomaa, halipokei tena sukari kutoka kwa majani mengine. Likifunikwa na kivuli, hupika kidogo. Likizeeka, hupika kidogo zaidi. Mwisho mmea huondoa vitu vya thamani vilivyomo ndani yake, hasa naitrojeni, ukavipeleka juu, na jani likawa njano. Lakini hata katika uzee wake jani halikai likinyonya jasho la wenzake. Ubaya wake mkubwa ni kuwa halina kazi, tena huweka unyevu na magonjwa karibu na udongo. Basi mtu anayekata majani mabichi yanayopigwa na jua, kwa kusudi la kuyaongezea matunda chakula, anazima majiko huku wageni wameketi wanangoja.

Neno la kweli liko wapi? Liko katika vichipukizi. Tazama kwapa la kila jani, pale linapokutana na shina. Hapo huota kichipukizi, na kichipukizi hicho kwa muda mrefu ni mlaji tu. Baadaye kitakuwa na majani yake na vichala vyake, lakini vitachelewa, vitabanana, na vitaleta kivuli. Kwa hiyo mkulima anayesema kwamba kuna kitu juu ya mmea kinachokula sehemu ya matunda hakukosea. Amekosea mshtakiwa. Nimeona mashamba ambayo majani yamenyofolewa yote mpaka kifuani, na vichipukizi viko pale pale vinanawiri.

Matunda yakiwa mengi, nani hulala njaa

Mnyanya mrefu umejengwa kwa mpango. Baada ya kichala cha kwanza, kwa kawaida huweka majani matatu, kisha kichala kingine, kisha majani matatu, ukaendelea hivyo kupanda juu. Majani yaliyo karibu na kichala ndiyo hukilisha zaidi. Majani ya juu hukilisha kilele, na ya chini huilisha mizizi. Lakini mpango huo si sheria ya chuma. Ukiondoa kichala, majani yake hupeleka chakula kwingine kwenye haja.

Tunda la nyanya huchukua kiasi cha wiki 6 hadi 8 tangu ua kushika mpaka kuiva, kwa kutegemea joto la mahali. Wiki mbili za kwanza hukua polepole. Kisha, kwa muda wa wiki tatu hivi, huvuta chakula kwa nguvu nyingi. Linapokaribia kugeuka rangi, kuvuta kwake hupungua sana, maana ukubwa wake umekwisha kutimia.

Fikiri basi siku ambazo vichala vitatu au vinne viko pamoja katika wakati huo wa kuvuta sana. Chakula cha majani hakiwatoshi wote. Wa kwanza kupunguziwa ni mizizi na kilele, na maua mapya. Ndipo utaona shina la juu limekuwa jembamba kama penseli, maua ya juu yanakauka na kuanguka, na mmea unanyauka mchana upesi kuliko zamani kwa kuwa mizizi yake haiongezeki. Wengi hudhani ni ugonjwa, wakaenda dukani kununua dawa. Mwaka 1926 mtaalamu wa Missouri, Marekani, aitwaye Murneek, alieleza jambo hili hili katika mnyanya: mzigo wa matunda husimamisha kukua kwa mmea, na matunda yakiondolewa, mmea huanza kukua tena. Dawa ya dukani haiongezi majani. Kinachosaidia ni kuchuma kwa wakati, kupunguza matunda katika kichala kilichobeba kupita kiasi, na kuyatunza majani yaliyopo.

Joto la usiku nalo lina sehemu yake. Mmea hupumua usiku kama sisi, na kupumua huko hutumia sukari. Katika nchi za chini zenye joto, sukari nyingi huteketea kabla ya alfajiri, na tena ua halishiki vizuri. Kwa hiyo mkulima wa huko ana sababu kubwa zaidi ya kuyahifadhi majani kuliko mwenzake wa milimani.

Kazi ya mikono

Kabla ya kushika kisu, jua aina uliyopanda. Aina fupi kama Cal J na Rio Grande hufika kimo chake zikakoma, na huzaa matunda yake mengi karibu wakati mmoja. Hizi zikikatwa vichipukizi vyote hupoteza mazao, kwa sababu matunda mengi huja juu ya matawi hayo. Ziache, ila matawi yanayolala chini chini ya kichala cha kwanza yaweza kuondolewa. Aina ndefu kama Money Maker, na Anna ambayo wengi huipanda katika nyumba za plastiki, huendelea kukua bila kukoma. Hizo ndizo za kuegemezwa kwa miti au kamba, na kuachiwa shina moja au mawili tu.

Kwa aina ndefu, vunja vichipukizi kila wiki vikiwa bado vifupi kama kidole. Kikiwa hivyo hukatika kwa vidole bila kisu, kidonda ni kidogo, na chakula kilichopotea ni kichache. Ukikiacha mpaka kifike urefu wa mkono, mmea umekwisha kukigharimia, na kukikata ni hasara mara mbili. Fanya kazi hiyo asubuhi ya jua, umande ukiisha kukauka, ili kidonda kikauke mapema. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza, hasa ukiwa mvutaji wa sigara au mtumiaji wa ugoro, kwa sababu ugonjwa wa majani ya madoadoa hutoka katika tumbaku ukaingia katika mnyanya kwa vidole. Mmea ulionyauka kwa ugonjwa usiuguse kabla ya mizima.

Majani je? Yaliyogusa udongo, yaliyo njano, na yenye madoa ya blaiti, yaondoe. Kisha, kichala cha chini kinapoanza kugeuka rangi, waweza kuondoa majani yaliyo chini yake, mawili au matatu kwa juma, wala si yote kwa siku moja. Kazi yao kwa kichala hicho imekwisha, na hewa itapita vizuri. Lakini majani yaliyo juu ya kichala ambacho bado ni kijani usiyaguse. Wakulima wazoefu wa minyanya mirefu hupenda kuona majani 15 hivi yenye afya juu ya kila shina, na hiyo ni hesabu nzuri ya kushika.

Kuna sababu nyingine ya kuyaacha. Jani ni mwavuli. Nyanya ya kijani iliyozoea kivuli ikifunuliwa ghafla katika jua la saa nane, hupata baka jeupe upande mmoja, kisha baka hilo huwa laini kama karatasi. Mnunuzi akilipata ndani ya kreti, hulitupa pembeni au huishusha bei ya kreti zima. Hasara hii haisababishwi na mdudu wala mvua.

Ukijua siku utakayomaliza kuvuna, kwa mfano maji ya mtoni yatapungua au shamba linahitajiwa kwa zao lingine, hesabu wiki 6 hadi 8 kurudi nyuma, ukate kilele cha mnyanya. Matunda yatakayoshika baada ya hapo hayatawahi kuiva, nayo yatakula bure. Unapokata, acha majani mawili juu ya kichala cha mwisho.

Majani mengi, matunda machache

Sasa tuigeuze habari. Kuna mashamba yenye minyanya mikubwa, ya kijani iliyokoza, majani mazito yaliyojikunja, na mwenye shamba anayaonyesha kwa furaha. Uliza kuhusu maua. Ni machache, na mengi yameanguka. Mara nyingi hapo pametiwa samadi mbichi nyingi au CAN kabla ya wakati. Naitrojeni ikizidi, mmea huitumia sukari yake kujenga majani na matawi mapya, na ua halipati nguvu ya kushika. Mwaka 1918 Wamarekani wawili, Kraus na Kraybill, waliandika kitabu kidogo juu ya jambo hili wakiutumia mnyanya. Walionyesha kwamba mmea wenye naitrojeni tele huota majani bila kuzaa, na ule wenye naitrojeni kidogo mno hujaa wanga lakini nao hauzai vizuri. Kuzaa kuko katikati.

Kwa hiyo subiri kichala cha kwanza kishike matunda madogo ndipo utie mbolea ya kukuzia, kidogo kidogo, tena uangalie kama ardhi yako ina potasiamu ya kutosha, kwa kuwa ndiyo inayosaidia kuipakia sukari katika mishipa. Kupima udongo hugharimu fedha kidogo kuliko mfuko mmoja wa mbolea usiohitajika.

Majani yakizidi huleta pia ule ubaya wa kitako cheusi, yaani nyanya inayooza chini huku juu ni nzuri. Ubaya huo hutokana na kalsiamu kutofika katika tunda. Kalsiamu haisafiri katika njia ya sukari. Hupanda pamoja na maji, na maji huelekea zaidi mahali yanapotoka kwa wingi, yaani majanini. Mmea wenye majani mengi mno, ukikosa maji siku tatu kisha ukafurikishwa siku ya nne, huyapa majani kalsiamu na kulinyima tunda. Maji kidogo kwa siku zilizopangwa, na nyasi kavu juu ya udongo, husaidia kuliko dawa nyingi.

Jamaa wa mnyanya

Pilipili hoho huweka ua lake la kwanza pale shina linapogawanyika. Likiachwa lizae wakati mmea ungali mdogo, tunda hilo moja hukaa kama jiwe begani na kuuzuia mmea usipanuke. Liondoe mapema, nawe utapata matawi yenye majani ya kuyalisha matunda yajayo.

Kwa mishiri, bamia na matango, hesabu ni nyingine, kwa sababu huchumwa yakiwa machanga. Mbegu zinazokomaa ndizo zenye kuvuta sana, na mmea ukiisha kukomaza mbegu chache huona kazi yake imekwisha. Tango moja lililosahaulika chini ya majani mpaka likawa njano laweza kuzuia matango kadha mapya. Bamia ichumwe kila baada ya siku moja au mbili. Hata ile iliyokomaa na kuwa ngumu isiyouzika, ikate uitupe, usiiache juu ya mti kwa uvivu.

Malenge yana shauri la pekee kwetu Kenya, kwa sababu mama wa nyumbani huyataka majani yake kwa mboga na matunda yake pia. Nasikia mara nyingi malalamiko kwamba malenge ya siku hizi hayazai. Mama huyu achume ncha na majani machanga ya matawi yasiyo na tunda, na aache majani makubwa ya tawi lenye tunda, hasa yale yaliyo jirani nalo. Akitaka mboga nyingi na malenge mengi pamoja, atenge mashimo mawili: moja la kuchuma majani, moja la kungoja matunda.

Jaribu mwenyewe

Chagua minyanya tisa ya aina ndefu, ya umri mmoja, katika mstari mmoja. Mitatu iachie vichipukizi na majani yote. Mitatu uivunje vichipukizi kila wiki, na majani uondoe yale ya chini tu kama tulivyoeleza. Mitatu uiondoe majani kwa wingi kama wafanyavyo wengi, ila yote usiyamalize. Funga kitambaa cha rangi tofauti katika kila kundi. Mbolea, maji na dawa viwe sawasawa. Kila mchumo, pima kilo za kila kundi, hesabu nyanya, na tenga zenye baka la jua na zenye kitako cheusi. Uyaandike yote katika daftari pamoja na tarehe na bei ya siku hiyo. Mwisho wa msimu jumlisha kilo na shilingi za kila kitambaa, na Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi yako akipita, mfungulie ukurasa huo.